Nzuri, Ila Miguu

Mume wangu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na mmoja, na wateja walimwita Fundi Sentimita kwa sababu hakukubali makadirio. Ukimwambia suruali iishie hapa hapa, anakuuliza, hapa hapa ndiyo sentimita ngapi? Mwanamke akija akasema kiuno chake ni sabini na tano, Fundi anapitisha futi ya kamba kimya kimya, anaandika themanini na mbili, halafu anasema kwa upole, "Tutaacha nafasi ya kupumulia, mama." Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba nguo imembana.

Moyo wake ulipoanza kuchoka, alilazwa hospitali kubwa siku kumi na moja. Maji yalikuwa yamejaa miguuni na kifuani. Wakampa vidonge vidogo vyeupe vya kukojoza maji, na vingine vya njano vya moyo wenyewe, wakamruhusu. Siku hiyo ya kutoka, nesi wa dawati la moyo alitukalisha akatueleza kwamba umekuja utaratibu mpya. Nesi huyo ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na hata akitaka kusoma haivai, anaishika mbele ya jicho moja kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Bibi," aliniambia, "huna haja tena ya kuja kupanga foleni kila wiki. Kila siku saa mbili asubuhi kompyuta itakupigia simu. Itakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Unabonyeza, basi. Jibu linaingia hapa."

Akatugeuzia kioo cha kompyuta tukione. Majina yalikuwa mengi, yamepangwa kama nguo kwenye kamba, na kila jina lina alama pembeni. Nyingi zilikuwa za kijani. Chache nyekundu.

"Hawa wekundu ndio tunaowafuatilia. Daktari bingwa wa moyo anatoka mbali, anakuja hapa Jumatano moja kila mwezi, na anaona watu kumi na wawili tu. Zamani walioonwa ni wenye kujuana na waliodamka. Sasa kompyuta inachagua waliozidiwa."

"Inapiga yenyewe?" Mzee wangu akauliza.

"Yenyewe, babu."

"Na isipopokelewa?"

"Inarudia mpaka mara tatu."

"Basi inawashinda wanangu," Mzee akasema.

Nesi akacheka. Akachukua simu yangu, hii ndogo ya vitufe, akaiandikisha. Foleni nyuma yetu ilikuwa imetoka nje ya mlango na mtu mmoja alikuwa anakohoa kwa makusudi, kwa hiyo alinifundisha upesi. Simu ikalia pale pale, akaifungulia spika, akabonyeza moja, sauti ikasema asante. "Umeona? Rahisi." Nikamwambia nimeona.

Sisi tunakaa vyumba viwili. Cha mbele ndicho cha kazi, kina cherehani mbili, moja nzima na moja ya kutolea vipuri, na meza ya kukatia. Cha nyuma tunalala. Kesho yake asubuhi Mzee alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, akaweka miguu juu ya kigoda, akajipima vifundo vya miguu kwa futi ileile ya wateja. Kisha akafungua daftari la vipimo. Baada ya ukurasa wa mwalimu wa kwaya aliyeshonewa koti, akapiga mstari kwa rula, akaandika: Mimi. Chini yake: kulia ishirini na nne, kushoto ishirini na nne na nusu, kabla ya chai.

"Wakiuliza, tutakuwa na jibu," akasema. "Siyo kuwaambia imevimba imevimba. Imevimba ndiyo nini?"

Saa mbili kamili simu ikalia. Ilikuwa sauti ya msichana, laini, imetulia, kama ya mtu aliyekunywa chai tayari. "Habari za asubuhi. Hii ni huduma ya wagonjwa wa moyo. Mgonjwa wako anaendeleaje? Kama anaendelea vizuri, bonyeza moja. Kama hali yake imebadilika, bonyeza mbili."

"Hajaamkia," Mzee akanong'ona.

"Ni kompyuta."

"Aliyeitengeneza amezaliwa na nani? Mwitikie marahaba, atajifunza."

Nikaitikia marahaba, nikabonyeza moja. Sauti ikasema, "Asante. Tunakutakia siku njema." Kisha ikanyamaza, lakini haikukata. Kulikuwa na ukimya ndani ya simu, ule wa mtu aliyeinamia kitabu na kalamu mkononi, anangoja umalizie. Nikamalizia. Nikamwambia, "Nzuri, ila miguu bado ina maji kidogo. Kulia ishirini na nne, kushoto ishirini na nne na nusu. Chakula anakula. Usingizi, analalia mto mmoja." Baada ya hapo ikakata. Nikaona ni sawa, amepata alichotaka.

Ndivyo tulivyofanya kila siku. Nitasema wazi kwa nini nilibonyeza moja, kwa sababu wengi wameniuliza, na wengine wameniuliza vibaya. Mtu akikuuliza habari, unamjibu nzuri. Halafu ndiyo unasema ila. Hata msibani tunaulizana habari za tangu juzi, tunajibu nzuri, ndipo tunalia. Sikuwa namdanganya yule msichana. Nilikuwa nampokea kwanza, habari yenyewe ije nyuma yake.

Siku ya tano ikawa ishirini na tano na nusu. Siku ya nane, ishirini na saba, na mito miwili ndipo apumue akilala. Siku ya kumi Mzee alishindwa kufunga kamba za viatu, si kwa sababu ya mikono, bali akiinama pumzi inakatika. Nikamfunga mimi. Akasema, "Umefunga fundo la mzigo." Nikamwambia avue basi. Hakuvua. Hayo yote nilimwambia msichana wa kwenye simu, hata la kamba za viatu. Nilisema polepole ili aweze kuandika. Siku moja nilikosea nikasema kushoto badala ya kulia, nikarudia. "Samahani, mwanangu, futa hapo. Kulia ndiyo ishirini na nane."

Ya kumi na mbili, Jumatano, hakuweza kupuliza chai. Aliiacha ipoe hadi ikaota ngozi juu, akainywa hivyo.

Binti yetu wa pili anafanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na siku yake ya mapumziko ni Jumapili. Jumapili ile alimkuta baba yake amelala akiwa amekaa, kichwa kwenye blanketi lililokunjwa juu ya cherehani. Akanivuta uani.

"Mama, hospitali wanajua?"

"Kila siku nawaambia. Mpaka sentimita."

"Wanasemaje?"

"Wanatutakia siku njema."

Akaniangalia. "Hivyo tu?"

"Wanapanga, mwanangu. Watu ni wengi, umesahau foleni ile? Jumatano hii anakuja bingwa. Wakishapanga watatuita."

Binti akaridhika, maana aliona kwenye daftari tarehe zote zimejaa, hakuna siku iliyorukwa. Mimi pia niliridhika. Niliridhika vizuri kabisa, nikamfulia Mzee shati lake la mistari la kwendea kwa bingwa. Jumatatu hawakuita. Jumanne hawakuita. Jioni ya Jumanne Mzee akasema labda wataita asubuhi, maana wenye magari hawajui mtu anahitaji muda wa kuvaa.

Jumatano saa mbili msichana akapiga. Nikabonyeza moja, nikamwambia, "Nzuri, ila leo si nzuri sana. Thelathini na moja na nusu, miguu yote miwili. Mito imekwisha nyumbani. Anaongea maneno matatu anapumzika. Tunakuja wenyewe, mwanangu, usisumbuke kutuita." Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini, akaleta teksi hadi mlangoni. Mzee akavaa shati la mistari. Viatu vilikataa kuingia, akavaa ndala, na hilo lilimuudhi kuliko kifua.

Hospitali tulipata kiti cha magurudumu chenye gurudumu moja linalokwenda lake. Nesi wa dawati la moyo alituona kwa mbali akatabasamu, halafu tabasamu likaisha kabla hatujamfikia, kwa sababu alishaiona miguu.

"Babu, hii imeanza lini?"

"Imeandikwa," Mzee akasema, akanielekezea mfuko wenye daftari.

Nesi akashika miwani mbele ya jicho, akatafuta jina kwenye kompyuta. Akatafuta tena. Akakigeuza kioo kile kama siku ya kwanza. Jina la mume wangu lilikuwa pale, na pembeni yake alama ya kijani, na ukibonyeza jina zinafunguka siku zote, kumi na tisa, kila siku kijani, mpaka ya leo.

"Bibi, kila siku umejibu moja."

"Ndiyo."

"Moja ni anaendelea vizuri."

"Ndiyo. Halafu nimewaeleza."

"Umewaeleza nani?"

"Huyu msichana. Anayepiga."

Nesi akavua ule uzi wa miwani shingoni, akaivaa miwani usoni sawasawa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo. "Hakuna msichana, bibi. Hiyo ni sauti tu, imerekodiwa. Ukishabonyeza, imemaliza. Hakuna anayesikiliza."

"Mbona haikati?"

"Inachukua muda kidogo kukata. Ni mtandao."

Binti yangu akasema, "Mama." Nilifungua daftari nikamwekea nesi mbele, ukurasa ulioandikwa Mimi, vipimo vya siku kumi na tisa kwa mwandiko wa fundi, kulia na kushoto, mito, chai, viatu. Nesi akasoma wote. Akasoma polepole kama barua. Alipofika chini akasema, "Hii ndiyo tungeitaka. Hii hii," na sauti yake haikuwa nzuri.

Akatupeleka chumba cha pili kwa karani wa kompyuta. Huyu ni baba mnene, mstaarabu, ana kikombe cha kalamu ambacho hakina kalamu hata moja. Nesi akamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akajaribu. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza.

"Mfumo unakataa," akasema. "Majibu ya nyuma hayabadilishwi. Wameyafunga ili watu wasije wakabadilisha kuwapendelea ndugu zao. Ndiyo hali tuliyokuwa nayo zamani, bibi, nadhani unaikumbuka."

"Naikumbuka," nikamwambia. Na kweli naikumbuka.

"Naweza kupokea jibu la leo tu."

"Basi andika mbili."

"La leo limeshaingia. Saa mbili na dakika moja. Moja."

Binti akasema, "Kaka, wewe unamwona kwa macho yako. Mtu huyu ni kijani?"

Karani akamwangalia Mzee kwa muda. "Kwa macho yangu si kijani, dada. Lakini macho yangu hayana sehemu ya kuingizia." Akageukia nesi. "Na orodha ya bingwa ilifungwa jana saa sita. Kumi na wawili, wote wekundu. Kesho bibi akijibu mbili, ataingia ya mwezi ujao."

Akachukua daftari letu, akaligeuza-geuza, akatafuta kwenye kioo chake mahali pa kuandika sentimita. Hapakuwepo. Akalirudisha kwa mikono miwili.

Nesi hakutuacha, hilo lazima niliseme. Alimwita daktari wa zamu, binti mdogo mwenye kalamu sikioni, naye alikuja upesi, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akabonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Akamchoma Mzee sindano ya kutoa maji na akamwekea bomba la hewa puani. Lakini akasema, "Dawa za moyo wenyewe mimi siwezi kuzigusa. Kuna moja inabidi ibadilishwe na nyingine labda iachwe kabisa, na nikikosea namuua. Apigwe picha ya moyo na bingwa aisome. Ni leo au mwezi ujao."

Wakatuweka kwenye korido, mbele ya mlango wa bingwa, ikitokea mmoja hakufika. Benchi lilikuwa na wale kumi na wawili. Pembeni yangu alikaa mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani, midomo ina rangi ya zambarau. Tukaulizana habari, tukajibiana nzuri. Akaniambia hii kompyuta Mungu aibariki, Jumapili asubuhi alibonyeza mbili na kabla ya adhuhuri nesi kampigia, wakamfuata hadi nyumbani. "Ingekuwa zamani ningekuwa nimeshasahaulika," akasema. Nikamwambia kweli.

Nilikuwa na mawazo mabaya pale kwenye benchi. Niliwatazama mmoja mmoja, nikimtafuta aliye mzima mzima, ili nimwombe atupishe. Kulikuwa na mwalimu, kulikuwa na kijana wa miaka kama ishirini asiyeweza kufika chooni bila kushikwa, kulikuwa na mzee aliyekuja peke yake na redio ndogo. Nikafika mwisho wa benchi nikarudi mwanzo. Sikumpata mzima. Kompyuta ilikuwa imechagua sawasawa, imetukosea sisi tu, na si yenyewe iliyokosea.

Wote kumi na wawili walifika. Waliingia mmoja mmoja na mlango ukafungwa nyuma ya kila mmoja. Nesi aliingia mara mbili kwa bingwa na kutoka. Mara ya pili akaniinamia akasema, "Amesema akimaliza mapema atawaona. Ngojeni." Tukangoja. Sindano ilimfanya Mzee aombe kopo kila baada ya muda, na kila mara alitaka binti ageuke aangalie ukuta, na binti akageuka, akasoma matangazo ya ukutani hadi akayakariri.

Bingwa alitoka saa tisa. Nilimtambua kwa jinsi watu walivyosimama. Ni mrefu, nywele zina mvi pembeni, begi begani, simu sikioni, anamwambia mtu wa upande wa pili kwamba anakuja, anashuka ngazi sasa hivi. Hakuwa mtu wa dharau. Alipotufikia aliondoa simu sikioni, akapunguza mwendo, akainama kidogo kwa heshima.

"Shikamooni, wazee wangu. Hamjambo?"

Na mume wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anaongea maneno matatu na kupumzika, alinyoosha mgongo. Akashika ukosi wa shati la mistari akauweka sawa. Alijikusanya, nikaona anavyojikusanya, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akasema bila kukatika, "Marahaba, daktari. Hatujambo kabisa. Pole na kazi."

"Nashukuru, mzee," bingwa akasema, akamgusa bega, akarudisha simu sikioni, akapita.

Mimi nilikuwa na ila mdomoni. Nilikuwa nangoja salamu ziishe. Zilipoisha alikuwa ameshageuka kwenye ngazi. Nikasimama, magoti yakachelewa, nikashika ukuta. Nesi alitoka mlangoni, akatuona tulivyo, akaelewa, akavua viatu akashuka ngazi anakimbia na soksi. Binti akamfuata.

Nikabaki na Mzee. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama kanyagio la cherehani.

"Kwa nini umesema hatujambo?"

Akangoja hadi akapata nafasi. "Amenisalimu," akasema. Akapumzika. "Nimtupie ugonjwa usoni," akapumzika tena, "mtu hata hajaketi?"

Hata mimi ningesema vilevile.

Nesi alirudi akitweta, soksi nyeusi kwa vumbi. Alimpata bingwa mlangoni mwa gari lake. Amesema vidonge vyeupe viongezwe kutoka kimoja hadi viwili, vile vya njano visiguswe, na mwezi ujao mzee huyu awe wa kwanza. Binti yangu alikuwa nyuma yake, amebeba viatu vya nesi.

"Wa kwanza kabisa, bibi," nesi akasema. "Kesho saa mbili ubonyeze mbili. Usiongee nayo. Mbili tu."

Walimlaza Mzee siku tatu, kitanda kikahitajika, tukarudi nyumbani. Alhamisi ile nilikuwa wodini simu ilipolia. Sauti ikasema habari za asubuhi, mgonjwa wako anaendeleaje. Kidole kilikuwa juu ya mbili na bado mdomo wangu ulisema nzuri, peke yake. Nikabonyeza mbili. Haikupita nusu saa nesi akaja mwenyewe hadi kitandani kutuambia tumekuwa wekundu. Alifurahi. Sisi pia tulifurahi, Mzee akasema katika maisha yake hajawahi kuwa wa kwanza popote isipokuwa kwa kinyozi.

Vidonge viwili vilisaidia mwanzoni. Thelathini na moja na nusu ikashuka hadi ishirini na tisa. Wiki ya pili ikasimama pale pale. Halafu ikaanza kurudi, nusu kwa nusu. Kila siku nilibonyeza mbili na kila siku nesi alipiga simu, hakukosa hata siku moja, na kila siku aliniambia anajua, bibi, ameona, daktari wa zamu anasema tuvumilie, zimebaki siku kumi na mbili, zimebaki kumi na moja. Tulikuwa tumesikika. Yote yalikuwa yameingia. Alisema wameandika barua kwa wenye mfumo, sauti iulize miguu kwanza na salamu baadaye, na wamejibiwa kwamba ombi limepokelewa. Mara moja tulirudi kuchomwa sindano. Mara ya pili daktari wa zamu alisema figo zitashindwa, asichomwe tena.

Mume wangu alifariki siku nane kabla ya Jumatano ya bingwa, mchana, saa nane hivi. Alikuwa kwenye kiti chake. Nilikuwa nakata nyuzi zilizobaki kwenye sare ya mtoto wa jirani, na yeye alikuwa ananielekeza kwa kidole, hapo, na hapo umeacha. Nikanyanyua sare kumwonyesha kama nimezimaliza.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Watu walikuja wengi, nusu yao wamevaa nguo alizozishona. Siku mbili sikuiwasha simu. Siku ya tatu binti aliiwasha kwa ajili ya ndugu wa mbali, na saa mbili na nusu akapiga nesi.

"Bibi, hujajibu jana wala juzi. Nimeingiwa na wasiwasi. Habari za hapo?"

"Mbaya," nikamwambia. "Mzee ametutoka."

Akalia. Sikutegemea. Nikamngoja, nikamwambia pole, naye akaniambia pole, tukawa tunapeana pole. Halafu akasema kuna jambo, na anaona haya kunieleza, hajui aanzie wapi.

"Anzia hapo hapo," nikasema.

"Jina lake bado liko kwenye orodha. La kwanza. Mimi siwezi kulitoa, wala karani hawezi, nimeshamuuliza. Lazima namba iliyoandikishwa ijibu yenyewe. Itakupigia, itakuuliza kama mgonjwa bado anahitaji nafasi. Kama hahitaji, unabonyeza tisa."

"Nikibonyeza?"

"Wote wanasogea. Na kuna mtu wa kumi na tatu, huyo anaingia."

"Nisipobonyeza?"

"Jumatano ataitwa babu. Bingwa atangoja dakika ishirini, kisha ataita wa pili. Wa kumi na tatu atabaki mwezi ujao."

Nikamuuliza huyo wa kumi na tatu ni nani. Akasema haruhusiwi. Nikamwambia sitaki jina, aniambie tu ni mtu mzima au mtoto.

"Ni mama. Ana watoto wadogo watatu."

"Amekuwa mwekundu tangu lini?"

"Siku ya sita leo."

Nikamwambia nimesikia. Siku hiyo ilipolia sikupokea. Ilirudia mara tatu kama alivyosema, nikaiangalia inavyotembea juu ya meza ya kukatia kwa mtetemo hadi ikafika kwenye kitambaa ikanyamaza. Binti alikuwa mlangoni na ndoo. Kule kuwa wa kwanza ndicho kitu pekee tulichopewa, na tulikuwa tumekingojea pamoja siku baada ya siku. Nilitaka kikae siku moja zaidi.

Kesho yake ilipolia nilipokea. Ilikuwa sauti ileile, imetulia vilevile. Ikauliza kama mgonjwa wangu bado anahitaji nafasi ya kumwona daktari bingwa. Nikabonyeza tisa. Ikasema, ili kuthibitisha, bonyeza tisa tena.

Nikabonyeza tena.